Kompyuta inayoendeshwa kwa ubongo: inavyofanya kazi na ilikofikia

Kwa wakaazi wa Gisenyi, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Kivu wilayani Rubavu, Nengo ni jina la mojawapo ya utugari wa tarafa yao. Kwa watafiti wa sayansi ya ubongo, Nengo ni jina la programu ya kompyuta iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada ili kuiga utendaji wa seli za neva. Majina hayo mawili yamefanana kwa bahati tu, kwani hilo la Kanada ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Chris Eliasmith lilitumia programu hiyo kujenga Spaun, ubongo wa kuigiza wenye neva milioni 2.5, ulioweza kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono na kuziandika tena kwa mkono wake wa kubuni.

Hiyo ni kazi ya kuifundisha kompyuta ifanane na ubongo. Makala haya yanahusu kazi ya upande wa pili, ambayo inawagusa wagonjwa moja kwa moja: ubongo wa mtu halisi kuiamuru kompyuta, kusogeza kishale kwenye skrini au kucheza mchezo, bila kidole kugusa kitufe chochote. Chombo kinachowezesha mawasiliano hayo huitwa kiolesura cha ubongo na kompyuta. Aliyekusudiwa hasa ni mtu ambaye akili yake ni timamu lakini mwili haumtii tena: aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali, aliyepatwa na kiharusi, au mwenye ugonjwa unaoua neva za misuli kidogo kidogo hadi ulimi unakosa nguvu ya kutamka.

Umeme wa kichwani

Ubongo wa mtu mzima una takribani seli za neva bilioni 86. Seli hizo hupashana habari kwa kemikali na kwa mishtuko midogo ya umeme. Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger alifaulu kunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Kipimo alichokianzisha ndicho kinachojulikana hospitalini kama EEG. Familia zenye wagonjwa wa kifafa nchini Rwanda huenda zimekwisha kukiona, hasa katika hospitali ya Ndera mjini Kigali inayotibu magonjwa ya akili na ya neva: mgonjwa hubandikwa vijisahani vya chuma kichwani, vinavyoitwa elektrodi, na mistari ya mawimbi hujitokeza kwenye skrini. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Mashine husikiliza tu.

Inachosikiliza ni hafifu mno. Betri ndogo ya redio ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unapofika juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu moja ya milioni ya volti, na mara nyingi huwa ni makumi machache tu ya vipimo hivyo. Fuvu, ngozi na maji yanayouzunguka ubongo hupunguza na kuchanganya kila kitu. Aliyesimama mbali na mpaka mdogo kati ya Gisenyi na Goma asubuhi husikia uvumi wa umati. Ataweza kutambua kama watu ni wengi au wachache, kama kuna utulivu au ghasia, lakini hawezi kusikia mama fulani anauza nyanya zake kwa bei gani. EEG nayo iko hivyo hivyo, na ndiyo maana madai kwamba kofia ya elektrodi inaweza kusoma siri za mtu hayana msingi.

Hila tatu za kuupata uamuzi

Mwaka 1973 Jacques Vidal, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alijiuliza kama uvumi huo unatosha kutoa amri kwa mashine. Jibu lililopatikana katika miongo iliyofuata ni ndiyo, ila kwa hila. Kwa kuwa mashine haiwezi kusoma wazo lenyewe, mtu huwekwa katika hali ambayo uamuzi wake utaacha alama inayotambulika.

Hila ya kwanza ni ya mshangao. Ubongo unapoona kitu ulichokuwa ukikingoja, takribani theluthi moja ya sekunde baadaye hutoa wimbi maalumu. Mwaka 1988 Lawrence Farwell na Emanuel Donchin nchini Marekani walipanga herufi na alama katika jedwali la safu sita kwa sita, kisha wakaziwasha safu hizo moja baada ya nyingine. Mtu aliikazia macho herufi aliyoitaka, na kila ilipowaka, wimbi lilijitokeza. Walipata wastani wa herufi 2.3 kwa dakika. Kwa mwendo huo, kuandika "habari za asubuhi" kungechukua zaidi ya dakika saba. Kwa mwenye mikono mizima huo ni mwendo wa kobe. Kwa mtu ambaye kwa miaka hajaweza kumwita hata mwanawe kwa jina, hesabu ni nyingine kabisa.

Hila ya pili hutumia mwanga unaomemeteka. Kitufe kimoja kwenye skrini huwaka na kuzimika, tuseme, mara 10 kwa sekunde, na kingine mara 15. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoshughulikia kuona, huanza kucheza kwa mdundo wa kile kinachotazamwa, na kompyuta huutambua mdundo huo. Mbinu hii ni ya haraka na haihitaji mafunzo mengi, ila huchosha macho, na mwanga wa namna hiyo ni hatari kwa baadhi ya wenye kifafa.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi na ndiyo inayopendwa na watafiti wengi. Mtu anapokaa kimya, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli hutoa mawimbi ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Akiusogeza mkono, mawimbi hayo hufifia. Jambo la ajabu ni kwamba hufifia pia anapofikiria tu kuusogeza. Kwa hiyo, kuwaza mkono wa kulia kunaweza kuwa amri moja, kuwaza mkono wa kushoto amri nyingine, na miguu ya tatu. Kujifunza huchukua wiki kadhaa, na si kila mtu hufaulu: makadirio yanayotajwa mara nyingi na watafiti ni kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya watu hawawezi kuitumia mbinu hii ipasavyo, hata wakijitahidi vipi.

Kwa nini michezo?

Wapo wanaoona kwamba kutumia teknolojia ya wagonjwa kuchezea gemu ni upuuzi. Sababu zake hata hivyo ni za maana. Kosa katika mchezo halimuumizi mtu, ilhali kosa katika kiti cha magurudumu kinachoteremka mlima linaweza kuua. Mchezo humfanya mgonjwa arudie zoezi lile lile mara mia bila kuchoka. Pia huonyesha matokeo papo hapo, na bila kuyaona matokeo ubongo haujifunzi.

Mwezi Oktoba 2016 chuo cha ETH cha Zürich nchini Uswisi kiliandaa mashindano ya kwanza ya Cybathlon, yanayowakutanisha watu wenye ulemavu wanaotumia vifaa vya kisasa. Moja ya mbio hizo ilikuwa mchezo wa kompyuta ulioendeshwa kwa ubongo peke yake. Washindani, waliopooza tangu shingoni, walikimbiza vikaragosi kwenye njia yenye sehemu za rangi mbalimbali, na kila rangi ilidai amri yake. Amri isiyo sahihi ilimchelewesha mkimbiaji. Palikuwa pia na sehemu ya kijivu ambamo hakuna amri iliyotakiwa. Kumwambia mtu asifikirie kitu, mbele ya umati unaopiga kelele, ni mtihani ambao pengine ni mgumu kuliko kuruka kiunzi.

Vifaa vya bei nafuu zaidi viliingia madukani tangu mwaka 2009, vikiwemo vitu vya kuchezea vinavyoinua mpira mdogo kwa hewa ya feni kadiri mchezaji anavyotuliza mawazo, na vilemba vya elektrodi vya kampuni kama Emotiv. Hapa pana jambo ambalo matangazo hayalisemi. Elektrodi iliyo kwenye paji la uso hunasa pia umeme wa misuli, nao una nguvu kuliko wa ubongo. Anayekunja uso au kuuma meno anaweza kuushinda mchezo bila ubongo wake kuhusika kwa namna inayodaiwa.

Mkono wa mbao wa Kikuyu

Katika Afrika Mashariki, kazi iliyopata kusikika zaidi katika uwanja huu haikutoka katika chuo kikuu. Ilitoka katika karakana ya vijana wawili, David Gathu na Moses Kiuna, katika eneo la Kikuyu, kaunti ya Kiambu nchini Kenya. Wavumbuzi hao waliojifunza wenyewe walitumia vipande vya mbao na vyuma na vifaa vya elektroniki vilivyotupwa, wakaunda mkono wa roboti unaopokea amri kutoka kifaa kinachovaliwa kichwani. Wazo la kuunda viungo bandia liliwajia baada ya jirani yao kupoteza kiungo katika ajali ya kiwandani. Habari zao zilienea duniani mwaka 2021.

Kazi yao inastahili heshima, na inazua pia swali ambalo fundi yeyote wa viungo bandia atalizusha: je, aliyekatwa mkono anahitaji kuamuru kwa ubongo? Mara nyingi hapana. Misuli iliyobaki juu ya kigutu bado hupokea amri za ubongo kupitia neva, na elektrodi zilizobandikwa hapo hupata ishara iliyo safi zaidi kuliko ya kichwani. Katika kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, ng'ambo tu ya mpaka wa Gisenyi, au katika kituo cha Gatagara kilichoanzishwa na padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960 kusini mwa Rwanda, hitaji la kila siku la waliokatwa viungo ni mguu unaokaa vizuri, unaotengenezeka ukiharibika na unaobadilishwa mtoto anapokua. Kiolesura cha ubongo kina maana kubwa zaidi kwa yule ambaye njia kati ya ubongo na misuli yenyewe imekatika.

Elektrodi na nywele za Kiafrika

Kuna kikwazo kingine ambacho kwa miaka mingi hakikutajwa sana. Elektrodi ya EEG ni lazima iguse ngozi ya kichwa. Vifaa vya kawaida vilibuniwa kwa nywele laini zinazolala, na kwenye nywele nene zilizojisokota huinuliwa juu na kupoteza ishara. Katika tafiti nyingi watu wenye nywele za namna hiyo, au waliosuka, waliachwa nje kimya kimya, na takwimu zao hazikuhesabiwa.

Suluhisho moja lilitoka kwa Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Pamoja na mwalimu wake Pulkit Grover na wenzao, alibuni vibanio vinavyopenya kati ya mistari ya nywele zilizosukwa na kuishikilia elektrodi mahali pake. Kifaa hicho kilipewa jina la Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Msusi yeyote wa Gisenyi angeweza kuifanya nusu ya kwanza ya kazi hiyo, ile ya kuzigawa nywele katika mistari iliyonyooka, pengine kwa ustadi kumshinda fundi wa maabara.

Kuingia ndani ya fuvu

Ili kusikia neva chache badala ya uvumi wa umati, hakuna budi kuvuka fuvu. Mwaka 2004 Mmarekani Matthew Nagle, aliyepooza baada ya kuchomwa kisu shingoni, alipandikizwa kipande kidogo chenye elektrodi 96 katika sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Aliweza kufungua barua pepe, kubadilisha idhaa za televisheni na kucheza Pong, ule mchezo wa zamani wa kurudisha mpira kwa kigongo. Waya ulitokeza kichwani mwake na kumuunganisha na mashine, na fundi alipaswa kuwepo.

Miaka 20 baadaye, Januari 2024, kampuni ya Neuralink ya Elon Musk ilimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Noland Arbaugh, aliyepooza katika ajali ya kuogelea. Chombo chake kina elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, zilizoshonwa na roboti, na hutuma ishara bila waya. Arbaugh alionekana mubashara kwenye mtandao akicheza drafti ya kizungu, yaani chesi, kwa kuwaza tu. Wiki chache baada ya upasuaji nyuzi nyingi zilikuwa zimejitoa mahali pake, na kampuni ikalazimika kurekebisha programu ili nyuzi chache zilizobaki zifanye kazi. Mshindani wake, Synchron, amechagua njia isiyofungua fuvu: kifaa chenye umbo la wavu hupitishwa katika mshipa wa shingo hadi juu ya ubongo. Husikia kwa mbali kidogo, lakini upasuaji wake ni mwepesi.

Maneno, na lugha za huku

Hatua iliyowagusa wengi ilikuja Agosti 2023, pale makundi mawili ya California yalipotangaza kwamba wanawake wawili wasioweza kuzungumza wamepata tena maneno kupitia elektrodi. Kundi la Chuo Kikuu cha Stanford lilifikia maneno 62 kwa dakika, na lile la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, 78. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza huenda kwa takribani maneno 160.

Vifaa hivyo havisomi maana. Husoma amri zinazopelekwa kwenye midomo, ulimi na koo, hukisia sauti, kisha programu ya lugha hupanga sauti hizo kuwa maneno. Hapo ndipo msikilizaji wa Kiswahili au Kinyarwanda anapohusika. Mfumo wa Stanford ulitegemea kamusi ya maneno 125,000 ya Kiingereza. Katika Kiswahili, neno moja kama "hatutawaambia" ni sentensi nzima, na kitenzi kimoja huzaa maumbo kwa mamia. Kamusi ya maneno yaliyokwisha kuhesabiwa haitoshi. Mfumo utapaswa kujua viambishi. Kwa upande mwingine, silabi za lugha hizi nyingi huishia kwa vokali na tahajia hufuata matamshi, jambo linalorahisisha kazi ya kukisia. Jedwali la herufi la mwaka 1988 lingetumika kwa Kiswahili karibu kama lilivyo. Na malighafi ya programu za lugha imeanza kupatikana: kampuni ya Digital Umuganda ya Rwanda ilishiriki kukusanya sauti za Kinyarwanda katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na lugha hiyo ikawa miongoni mwa zenye saa nyingi zaidi za kurekodiwa.

Nani mwenye ishara?

Chile ilikuwa nchi ya kwanza kuitaja shughuli ya ubongo katika katiba yake, Oktoba 2021. Mwezi Agosti 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiamuru kampuni ya Emotiv ifute takwimu za ubongo za aliyekuwa seneta Guido Girardi, ambaye alikuwa amenunua kifaa chake na kukitumia. Novemba 2025 UNESCO ilipitisha mapendekezo ya kimataifa kuhusu maadili ya teknolojia ya neva.

Rwanda ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi na faragha ya tarehe 13 Oktoba 2021. Inaziweka taarifa za afya, za kimaumbile na za kijenetiki katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Ubongo hautajwi kwa jina. Kipimo cha EEG kilichofanywa hospitalini kinaingia wazi katika taarifa za afya. Kilemba cha gemu kilichoagizwa kwa intaneti na kijana wa Gisenyi, kinachopeleka mawimbi yake kwenye kompyuta za kampuni iliyo bara jingine, ni suala lenye utata zaidi, na ndilo lililofikishwa mbele ya majaji wa Chile.

Kuna pia swali la kifaa chenyewe kubaki kichwani. Ian Burkhart, Mmarekani aliyepooza akiwa na umri wa miaka 19, alipandikizwa elektrodi mwaka 2014 katika utafiti wa jimbo la Ohio. Kompyuta ilipeleka amri za ubongo wake kwenye misuli ya mkono wake mwenyewe, akaweza kushika chupa na kumimina, na hata kucheza Guitar Hero, mchezo wa kupiga gitaa la kuigiza. Uwezo huo aliupata ndani ya maabara tu. Mwaka 2021, fedha za utafiti zikiwa zimepungua na ngozi inayozunguka kifaa ikiwa imepata maambukizi, kilitolewa. Tangu hapo anaongoza umoja wa watu waliowahi kupandikizwa vifaa vya ubongo, na moja ya madai yao ni kwamba kampuni ziseme kabla ya upasuaji ni nani atakayelipia matengenezo, na kwa muda gani.